Sakafu ya Pijo ya Baba Mkwe Ilinifanya Mwongo

Admin, nifichie jina, maana wakwe zangu wana wajukuu na wajukuu wana simu.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mitatu, fundi wa bodi za magari hapa Kitale, nimeoa kijijini Kamukuywa. Ninayosimulia yalitokea miaka ya tisini mwanzoni, na msinicheke kwamba mzee mzima bado ana kinyongo na gari. Kinyongo ninacho, tena kimekomaa.

Baba mkwe wangu, tuliyemwita Papa, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu mwenye Pijo 404 ya tangu ujana wake. Aliipenda kuliko watu wengine. Siku moja akaileta kwenye gereji yangu akisema sakafu inapiga kelele mno, na mama mkwe, Mayi, amechoka kupayuka kila wakienda kanisani Bungoma. Alitaka niipake lami chini ya kapeti, juu yake nitandike blanketi nzito, gari inyamaze.

Nikainua kapeti upande wa abiria. Kutu ilikuwa imekula bati mpaka bisibisi ikazama kama kwenye andazi. Nikamweleza kwa adabu kwamba hapo hakuna cha kupaka: bati bovu likatwe, lichomelewe jipya, lipigwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo lami na blanketi vifuate. Papa alinitazama kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi.

"Nimekuambia unyamazishe kelele," akasema. "Sijakuambia ukate gari yangu."

Najua mtasema ningekataa. Kwetu aliyekupa mke habishiwi, na huyu alikuwa amezoea kutobishiwa hata na wasio wakwe. Nikapiga msasa juujuu, nikachemsha lami, nikaipaka nene juu ya kutu ileile, nikatandika blanketi mbili. Nilijua maji yanayovuja kwenye mpira wa kioo cha mbele yatanyonywa na blanketi yakae hapo. Nilijua, na nikarudisha kapeti.

Gari ikanyamaza. Papa akanisifu kanisa zima, ati mkwe wake wa Kitale ndiye fundi, hao wengine wanajaribu. Nikaletewa magari mpaka kutoka Sirisia. Kila sifa ilinichoma.

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, walikuja kwetu kwa ubatizo wa mtoto wetu wa tatu. Papa alishuka akaenda nyuma ya nyumba kusalimia wageni. Mayi, mama mwenye mwili mkubwa, akakanyaga sakafu ili ajiinue kitini. Nikasikia kitu kikipasuka. Mguu wake ulikuwa umetoboa sakafu mpaka gotini, na bati lililochanika limeubana.

Nilikuwa hatua kumi tu. Lakini kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata mkono hampi. Mnasalimiana kwa mbali, kila mtu akitazama pembeni. Yeye mwenyewe, na maumivu yote yale, alivuta leso yake na kugeuza uso.

"Usikuje hapa," akasema. "Ita msichana wangu."

Nikaita, kisha nikampa mgongo kwa heshima, nikabaki kutazama ua wa michongoma. Mke wangu akaja mbio kutoka jikoni, akamshika mama yake kwapani akavuta juu. Jamani, bati likitobolewa kwenda chini, meno yake yanaelekea chini. Ukivuta juu, yanauma. Ilitakiwa kwanza mtu aingie chini ya gari ayakunje, na mtu wa kujua hivyo nilikuwa mimi, fundi, niliyekuwa nikihesabu miiba ya ua. Nilipogeuka kwa ule ukelele, mambo yalikuwa yameharibika. Mayi alishonwa, na tangu siku hiyo anachechemea.

Papa alisema mbele ya ukoo kwamba hiyo ndiyo kazi ya mkwe wake. Nikapeleka kondoo wa kuomba msamaha, nikainamisha kichwa, na ndani nilikuwa natokota. Nyumbani mke wangu akaniuliza kama nilijua bati limeoza. Nikamwambia hapana. Ningesema ndiyo, angeuliza kwa nini nilimwachia mama yake akalie hatari, na jibu lingekuwa nilimwogopa baba yake. Niliona heri niitwe fundi mbovu kuliko mwoga. Papa alifariki kabla miaka hiyo ya tisini haijaisha, na kwangu hakusema neno.

Mwezi uliopita mke wangu alienda kumwona Mayi, ambaye sasa ni bikizee. Ile Pijo bado iko kando ya ghala la mahindi, na Mayi anataka niifufue impeleke mjukuu wake harusini. Ujumbe wenyewe mke wangu alinipa akiwa amesimama mlangoni, hajavua hata viatu.

"Mama amesema safari hii ukate," akaniambia. "Ati Papa alimwambia kabla hajafa, wewe ulitaka kukata, yeye akakataza. Kumbe ulijua?"

Miaka thelathini nimengoja mtu anisafishe jina, na siku liliposafishwa ndipo mke wangu alipojua nilimdanganya. Hajagomba. Ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Nyumba yetu imenyamaza kuliko gari ile.

Jumamosi nangojwa Kamukuywa na bati jipya. Mama mkwe amenisamehe bila hata kunitazama usoni. Huyu ninayelala naye ndiye sijui nimkabili vipi. Nyinyi mliokaa kwenye ndoa, nielekezeni: niende nikakate ile sakafu kwanza, au kwanza niketi na mke wangu nimwambie kwamba nilimwogopa baba yake? Nipeni maneno ya kusema. Lawama ninazo za kutosha.