Kibuyu Nilichokikataa

Walisema sitaweza. Mjomba Charo, aliyekuwa na duka la pekee kijijini kwetu Ganze, alitangaza mbele ya wateja wake kwamba mtoto wa mchoma makaa akipelekwa ng'ambo kusomea mitambo ya maji atarudi na sanduku tupu, au atarudi na wazimu. Mimi nilirudi na diploma. Iko ukutani hadi leo, na kioo chake nakifuta mwenyewe, simwachii mtu.

Lakini niseme pia kwamba niliondoka na vitu vya watu. Shangazi Kadzo aliniazima sanduku la bati alilopewa siku ya kuolewa. Mwalimu wa kanisa aliniazima koti zito alilorithi kwa mmisionari, maana nilikokwenda kulikuwa na baridi. Mjomba Charo mwenyewe, alipokwisha kunicheka, alinivulia viatu vyake ili nisiuaibishe ukoo. Kila mmoja nilimwahidi kumrudishia kilicho bora zaidi. Baba yangu, Mzee Karisa, hakuwa na cha kuniazima, na niliona jambo hilo likimkera. Alibeba lile sanduku kichwani hadi barabarani, akalitua, akarudi bila kuaga.

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilifika kambi ya mradi wa visima mjini Kilifi nimevaa tai. Mkuu wa Mitambo, mtu wa bara, mrefu, ambaye sigara haikumtoka mdomoni, alinitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Hiyo diploma yako inajua kushika spana?"

"Inajua, Mkuu. Na inajua kwa nini imeishika."

Wafanyakazi walicheka. Yeye hakucheka, ila alinirushia spana, na kabla ya jua kutua nilikuwa nimefungua kompresa, mashine ya kusukuma hewa, iliyowashinda, nikaifunga tena, ikanguruma. Tangu siku hiyo hakunitafutia kazi ya mwanafunzi.

Ninyi vijana mnaofungua mfereji hamjui kisima kilivyokuwa kikitafutwa. Kwanza tulipima ardhi: unapigilia vyuma chini, unapitisha umeme kidogo, unasoma jinsi udongo unavyoukataa. Udongo mkavu huukataa sana. Wenye maji ya chumvi huupitisha upesi mno. Unachotafuta ni katikati ya hayo mawili. Kisha mtambo huchoronga, fimbo za chuma zikiunganishwa moja baada ya nyingine. Ukifika kwenye maji, unateremsha mabomba ya kuzuia kuta zisiporomoke, tuliyoyaita kesingi, unayazungushia changarawe, unapuliza hewa hadi tope liishe. Mwisho unaonja. Chombo cha kupima chumvi tulikuwa nacho, lakini hakuna fundi aliyekiamini kuliko ulimi wake.

Nilianzia Kilifi, nikapelekwa Magarini, na huko ndiko nilikopewa kikosi changu mwenyewe. Msaidizi wangu alikuwa Bwana Shee, Mbajuni aliyezaliwa visiwani na kukulia Malindi, fundi wa kesingi asiyekosea, mtu wa sala tano. Kisha tukachimba Muyeye, na huko ndiko Mkuu wa Mitambo alikoniuliza swali ambalo halijaniacha.

Tulikuwa tumekaa chini ya kivuli cha lori tunakunywa chai. Alikuwa amenisikia nikikataa pombe ya mwenye kiwanja, na pia nikikataa kuandika kina kirefu kuliko tulichochimba ili tulipwe zaidi.

"Bwana Kahindi, mimi sina dini, wewe unayo. Sasa niambie. Ukifa, ukakuta huko hakuna mtu, giza tu, hutajuta? Pombe hukunywa, mke ni mmoja, Jumapili zote umekaa kwenye benchi gumu."

"Astaghfirullah," akasema Bwana Shee. "Hilo nalo ni suala la kuuliza watu na mkate mdomoni?"

Nilimjibu Mkuu papo hapo, na jibu langu nililipenda. Nilimwambia sitajuta hata kidogo. Pombe niliyoikosa imenijengea nyumba ya mawe. Mke mmoja amenipa utulivu ambao wenye watatu hawaujui. Na kikosi changu ndicho pekee ambacho visima vyake havikurudiwa. Hata Mungu asipokuwepo, nikasema, mimi nimepata faida.

Mkuu akatikisa jivu la sigara. "Hiyo ni hesabu ya vitu vyako," akasema. "Haya, twendeni kazini."

Sikuelewa alichomaanisha. Nilikielewa Ganze.

Mwaka uliofuata zamu ya kijiji chetu ilifika. Nilipima ardhi mwenyewe, nikachagua mahali, nikaingia kijijini nikiwa mbele ya lori, nimesimama, ili wote waone ni nani aliyewaletea. Wanawake wa kwetu walikuwa wakiteka maji bwawani, ng'ambo ya vilima, wakiondoka alfajiri na kurudi jua limekuwa kali. Walipiga vigelegele. Shangazi Kadzo alicheza ngoma na ndoo mkononi.

Kisha wazee wakaja na kibuyu.

Kwetu ardhi haifunguliwi kimya kimya. Anayeongoza kazi hushika kibuyu cha tembo, pombe ya mnazi, humwaga kidogo chini, huwaambia koma, yaani wazee wetu waliokufa, kwamba anakuja kuchimba na kwa nini. Wazee wa kijiji wasiporidhika hakuna atakayechota kwenye kisima hicho, na pampu yake haimalizi msimu. Kwingine wazee walikuwa wakiniruhusu nisimame kando, kwa sababu nilikuwa mgeni. Pale nilikuwa mtoto wa nyumbani, na aliyekiinua kibuyu kunipa alikuwa Baba.

"Shika, mwanangu. Waambie umerudi."

Nilipobatizwa nilisema kwa kinywa changu kwamba sitawamwagia koma tena. Katika kanisa letu ulevi ulisamehewa, lakini si hilo. Na Mwalimu wa kanisa alikuwa palepale, amesimama na watu wengine, ananitazama.

"Siwezi, Baba."

Mkuu wa Mitambo alinivuta pembeni. "Mwaga! Ni matone tu! Kama Mungu wako hayupo, umepoteza nini? Na kama yupo, atakosa kuelewa?"

"Nilimpa neno langu, Mkuu."

"Basi Shee ashike."

"Miye?" Bwana Shee akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto. "Tembo? Wallahi hata likinirukia kanzuni naivua!"

Mkuu akatupa sigara, akawaendea wazee mikono mbele. "Nipeni mimi. Mimi siogopi mtu wala shetani, wala siamini chochote. Nitamwaga, tuanze kazi."

Baba akakivuta kibuyu nyuma. "Wewe huamini chochote?"

"Siamini."

"Sasa ukimwaga utakuwa unazungumza na nani?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha Baba akaacha kucheka, akanionyesha kidole. "Huyu anakataa kwa sababu anajua anakataa nini. Tunamtaka huyu."

Jua likapanda. Mimi sikushika. Wazee hawakuondoka. Mkuu aliangalia saa yake, akaamuru mtambo upakiwe, na tukaenda Magarini kuchimba kwa watu wengine. Wanawake walitusindikiza kwa macho. Vigelegele havikuwepo.

Kazi ya Magarini niliifanya vizuri, kama kawaida yangu, lakini usingizi ulikuwa mfupi. Nilijiambia kwamba nimeshinda jaribu. Nilijiambia tena na tena, na kitu ambacho mtu amekishinda kweli hakihitaji kuambiwa hivyo kila siku. Jumapili moja nilikwenda nyumbani. Nilimkuta Shangazi Kadzo akipanda njia na ndoo kichwani, shingo ikitetemeka. Nikamwamkia, nikanyoosha mikono nimpokee. Akaikwepa.

"Marahaba, mwanangu. Acha tu. Mwambie Mungu wako mgongo unaniuma, maana ni yeye anayenituma bwawani."

"Shangazi, usiseme hivyo."

"Kwani nimekosea? Kama yuko, amenituma yeye, nami nitakwenda tusemezane naye huko mbele. Kama hayuko," akatua kidogo, akavuta pumzi, "basi umenituma wewe."

Akapita. Hakuwa na hasira. Maji yalimwagika kidogo begani, akayafuta kwa kiganja na kulamba.

Hapo ndipo nilipokumbuka hesabu ya vitu vyangu. Kule Muyeye nilihesabu nilichojinyima mimi: pombe, wake, fedha za uongo. Vyote hivyo, Mungu awepo asiwepo, sivijutii, na hata leo nitamjibu hivyo yeyote aniulizaye. Lakini neno nililompa Mungu, kule Ganze sikulilipia mimi. Shangazi alililipia kwa shingo yake. Nikaona kwamba Mkristo akiulizwa kama atajuta hujibu upesi, kwa sababu hutazama sahani yake tu. Aulizwe na waliokaa kwenye meza yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba, kwenye tanuri lake la makaa. Nikamwambia sitashika kibuyu, ila nataka kisima, nimefika mwisho wa akili zangu. Alifukia tundu lililokuwa likitoa moshi ubavuni mwa tanuri kabla hajanijibu.

"Iko njia. Baba anaweza kumwaga kwa niaba ya mwanawe. Sikuitaja kwa sababu ya heshima yako."

"Heshima yangu ina nini?"

"Baba husimama kwa niaba ya mtoto mdogo au ya mwenda wazimu. Watu wote wawe wamekusanyika, nami niseme wewe ni yupi. Na maji yakiwa ya chumvi, lawama ni yangu, sitaketi tena na wazee." Akanitazama, na naapa alikuwa akizuia kicheko. "Chagua."

Mimi, mkuu wa kikosi, mtu wa diploma!

"Sema wazimu," nikamwambia. "Mtoto mdogo hapewi diploma."

Mtambo uliporudi, Baba alisimama mbele ya kijiji kizima, akamwaga tembo, akawaambia koma kwamba mwanawe ameharibika kichwa kwa kusoma na kuimba, wasimtilie maanani, watazame wanawake na watoto wenye kiu. Mjomba Charo alipiga kelele, "Sikusema mimi?" na watu wakaangua kicheko. Mimi nilisimama nyuma ya kompresa, kofia kichwani. Sikuitikia. Sikuondoka.

Tulichoronga. Udongo wa kwetu una chumvi kama jasho, na kila fimbo iliyoshuka ilikuwa imebeba jina la Baba. Maji yalipopanda na kusafika, Bwana Shee alinikabidhi kikombe, akageuza uso. Nikaonja. Nikaonja tena. Yalikuwa matamu. Nikampa Baba. Alikunywa, akasema tu, "Haya, mwenda wazimu," akampa Shangazi kilichobaki.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kanisa hunijia na swali lilelile, wakidhani wamelibuni wao. Huwaambia kwamba kuamini hakunipunguzia kitu nilichokihitaji. Lakini huwaambia pia watazame ni nani anayebeba ndoo ya imani yao. Wengine hawapendi jibu hilo. Wanataka ndiyo au la. Mimi mwenyewe nalitaka jibu la ndiyo au la, na mara nyingine nasali nikiwa na hasira ya kutolipata.

Narudi kwenye siku ya kufungua pampu ya Ganze, siku ya kulipa niliyoikusudia tangu ng'ambo. Nilimpa Shangazi Kadzo sanduku jipya lenye kufuli mbili, nikampa Mwalimu wa kanisa koti alilolikataa kwanza kwa sababu ya joto, nikapiga goti nikamvisha Mjomba Charo viatu mbele ya watu, akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha nikateremsha kutoka kwenye lori mtungi wa tembo la mnazi niliokuja nao kutoka Kilifi, nimeupakata njia nzima. Bwana Shee alikuwa amekataa kukaa karibu nami. "Ewe Kahindi," alinung'unika, "wanukia kama kilabu!"

Mwalimu wa kanisa aliniona nikiubeba. Nilimwamkia, nikapita.

"Baba," nikasema, "hawa wengine waliniazima vitu. Wewe uliniazima jina lako. Ukifa sitakumwagia. Nakwambia leo, unanisikia, ili usije ukaningojea. Lakini leo uko hai, na mtu aliye hai akiwa na kiu, mwanawe humpa."

Nikamjazia kibuyu kwa mkono wangu, mkono ambao haukuwa umegusa tembo tangu ubatizo. Alikipokea kwa mikono miwili kama apokeavyo mtu kwa mkubwa wake. Akanywa polepole. Kikakaribia kwisha, akasita, akainama, na kile kidogo kilichobaki akakimwaga chini mbele ya miguu yake mwenyewe.

"Hiki changu," akasema. "Nimejimwagia mapema. Wewe nenda kasali."