Siku Niliyowapeleka Paka Wangu Sokoni Kutoa Ushahidi

Jamani, hii habari heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa soko la Busia, maana wao wakisimulia wanaongeza chumvi, na aibu yenyewe ilikwisha kukolea.

Nina paka wawili, Okware yule mweusi na dada yake Malaika (hana umalaika wowote, aliwahi kuiba nyama kwenye sahani ya mchungaji), na tangu binti zangu waolewe hao ndio ninaozungumza nao nikikaa kwenye cherehani. Sasa ghafla wakakataa chakula. Nawawekea mukene, vile visamaki vidogo wanavyovipenda kuliko wanavyonipenda mimi, wanakuja mbio, wananusa, wanarudi nyuma, wananitazama kama nimewatukana. Nikachemsha, nikakaanga, nikachanganya na posho, yaani ugali, wapi! Malaika akaanza kuonyesha mbavu, na mimi nikawa nashona mikono ya blauzi kinyume kwa mawazo.

Jirani yangu Atieno akaniambia, "Mama Grace, paka hana unafiki. Akikataa samaki, jua hiyo samaki imepigwa dawa ya nzi."

Ningeenda kwa daktari wa mifugo, leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini mimi nikawatia paka kwenye kikapu, nikafunika kitenge, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Nafula, anayeniuzia mukene miaka yote na hajawahi kuninyima nyongeza, nikapanda juu ya benchi (benchi, jamani, nani alinituma?) nikapaza sauti kwamba samaki wake wana sumu.

Watu wakasimama. Mwanamke mmoja aliyekwisha kupimiwa akarudisha samaki wake mezani, wengine wakaondoka.

"Wewe nyabo, unasema samaki yangu iko na sumu?" Mama Nafula akauliza. "Mimi nakula hii na wajukuu kila siku!" Akachota konzi, akatafuna mbichi mbele yetu, machozi yanamlengalenga.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Wapi! Nikasema, "Mtu anaweza kujikaza, paka hawezi. Tazameni wenyewe!" Nikafunua kikapu.

Sijui niwaeleze vipi. Okware aliruka kichwa mbele katikati ya fungu la mukene mezani, Malaika akawalalia samaki kabisa, anakula huku ananguruma, mukene wanaruka huku na huku, na mwanamume mmoja akapiga kelele, "Shahidi amegeuka!" Soko zima likaangua kicheko.

Nikashuka nimtoe Malaika, nikambembeleza kwa samaki mkononi. Akavinusa vidole vyangu, akapiga chafya, akanigeuzia mkia. Mama Nafula naye alipomwonyesha samaki, akala mkononi mwake kama mtoto. Nikainua mkono wangu puani. Lo! Ile dawa kali ya kuua vijidudu! Nilikuwa nimeinunua baada ya kusikia redioni kwamba vyombo vya wanyama vinaleta magonjwa, basi asubuhi na jioni nasugua bakuli zao, sisuuzi sawasawa, na mikono ileile ndiyo inayowapakulia. Maskini, nilikuwa nawashindisha njaa kwa usafi.

Nikapiga magoti palepale kwenye magamba. "Mama, nisamehe. Kosa ni langu, si la samaki wako."

Akajifuta macho kwa kanga. "Inuka. Mimi nasamehe. Lakini hao watu umefukuza, nani ataita?"

Basi nikazunguka soko lote na kikapu changu, paka wameshiba wanakoroma, mimi natangaza kwa kila meza kwamba mukene wa Mama Nafula ni safi na mwongo ni mimi, na lile fungu lililokanyagwa nikalinunua lote bila kuomba nyongeza.

Siku hizi bakuli nasuuza kwa maji mengi. Na nimeapa: kabla sijamnyooshea mtu kidole, kwanza nakinusa.