Mstari wa Tarehe

Mwone basi Adélaïde anavyokuja. Ni Jumamosi asubuhi, mvua imekatika sasa hivi, na njia ya kupanda mtaa wa Nyalukemba ni utelezi mtupu. Kikwembe amekikunja hadi magotini, viatu vya kazi kavishika mkononi. Ametoka maternité, kule Nguba, alikozalisha wanawake watatu tangu jana jioni. Wa mwisho alikuwa na mapacha, na hakuna aliyemwambia kwamba wako wawili. Anachotaka duniani ni chai na kitanda, basi.

Ingia naye uone alichokikuta. Kwenye kiti kile kizuri ameketi Anaclet, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Pembeni yake Fabien, kocha wa timu ya wasichana, filimbi shingoni kama mtu anayelala nayo. Na Joviale, binti yake, amesimama karibu na kabati, jezi amekwisha kuvaa. Wote watatu wanatabasamu. Miaka kumi na tisa ya kuzalisha imemfundisha Adélaïde jambo moja: watu watatu wakikutabasamia pamoja, kuna kitu kimekwisha kuharibika.

"Maman Joviale, karibu!" Anaclet akasema, kana kwamba nyumba ni yake.

"Aksanti, shemeji. Chai ilibakia?"

Haikubakia.

Maneno yenyewe hayakuwa mageni. Wiki tatu nzima nyumba ile haikuzungumza kingine. Kituo kimoja cha Lubumbashi kinacholea wasichana wenye kipaji cha mpira, shule humohumo, kula na kulala bure, kilimtuma mtu wa kuchagua. Katika wasichana sitini aliwataka wanne, na jina la kwanza lilikuwa la Joviale. Adélaïde alikwenda mwenyewe uwanjani. Mpira hauelewi, lakini aliona mtoto wake anavyougusa huku anatazama kwingine, kama mama anayesonga bugali huku akigombeza watoto. Alirudi nyumbani moyo umekwisha kukubali. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: kituo kinapokea waliozaliwa 2010 na kuendelea. Joviale alizaliwa 2008.

"Ile mambo ilishaisha," Fabien akasema, akichomoa karatasi mbili kwenye mfuko wa plastiki. "Hii attestation ya kuzaliwa. Iko na cachet, iko na yote. Hii ingine ni autorisation, ruhusa ya muzazi. Unajaza tarehe ya kuzaliwa ya mutoto pale ku mustari, unatia signature, mbele ya saa sita tuko ku hoteli. Saa nane ule mutu ya Lubumbashi anapanda ndege."

Adélaïde aliisoma attestation, muhuri na yote, akiwa amesimama vilevile. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, 2010.

"Nani aliandika hii?"

"Kuna kijana moja, iko na bacachet yake ku nyumba. Kazi yake iko propre, safi."

"Huyu mutoto nilimuzaa mimi, ao ule kijana?"

"Maman, usikasirike. Bote banafanya vile. Ata Bintu ya timu yetu, ule ya Nguba. Ku karatasi iko na miaka kumi na tatu."

"Bintu?" Sasa Adélaïde akaketi. "Si nilimuzalisha mwezi wa kwanza! Mutoto yake alitoka na kilo tatu na nusu! Kumi na tatu gani, Fabien? Ku mapumziko, ku mi-temps, atakuwa ananyonyesha?"

Joviale alicheka, akaziba mdomo upesi.

Ujue kitu kimoja kuhusu huyu mama. Kule maternité kuna daftari kubwa lenye jalada jeusi, na mkono unaoliandika ni wake. Siku, saa, uzito. Wanawake wamekuja kumbembeleza. Mmoja alitaka tarehe ya mwanawe isogezwe majuma matatu tu, kwa sababu mume alirudi kutoka kazini Kolwezi na alikuwa mtu wa kuhesabu miezi. Adélaïde alimpa uji, alimpa maneno mazuri, akakaa naye mpaka akaacha kulia. Tarehe hakumpa. "Tarehe si chumvi," alisema, "huwezi kuongeza kidogo."

"Ni karatasi tu," Fabien akasema.

Hilo neno! Wiki tatu analisikia. Ni karatasi tu, ni karatasi tu.

"Kama ni karatasi tu, sababu gani uliifunga mu plastiki ili mvua isiiguse?"

Fabien akatazama filimbi yake.

"Sasa shemeji," Adélaïde akamgeukia Anaclet, "wewe mutu wa kusoma, nisaidie. David tulimuzika lini?"

"Kaka? Mwezi wa kumi na mbili, 2008. Ile lori, ku mutelemuko ya Nyangezi. Wee unajua."

"Najua. Sasa ku karatasi yenu, mutoto yake anazaliwa mwezi wa tatu, 2010. Hesabu miezi."

Anaclet akaanza kwa vidole. Akamaliza mkono wa kuume, akamaliza wa kushoto, akarudi wa kuume. Alipofika mwisho wa mkono ule mara ya pili, akasimama, akakitazama kidole kile kama kimemuuma.

"Kumi na tano," Adélaïde akamsaidia. "Ata ngombe ya mama yenu kule Nyangezi haibebi mimba miezi kumi na tano! Basi baba ya Joviale ni nani? Muniambie leo, mimi mwenyewe simujui! Muliandika jina ya David juu, kisha mukamuzalia mutoto mu kaburi!"

"Lakini kule Lubumbashi, nani anajua siku kaka alikufa?"

"Mimi."

Ndipo Joviale aliposema, polepole, bila kumtazama yeyote:

"Maman, kila siku unaandika batoto ya batu. Mimi uniandike mara moja tu."

Lilimwingia. Adélaïde alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kitabu cha nyimbo za misa. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: acte, cheti halisi cha kuzaliwa. Shuleni Joviale alipeleka fotokopi siku zote. Hii yenyewe hakuwahi kuishika.

"Ona pale chini. Ni papa yako aliweka signature."

David alikimbia kuandikisha siku ya pili tu, kabla hata mama mtoto hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Akakandamiza kalamu kwa furaha mpaka karatasi ikatoboka. Fotokopi haionyeshi tundu. Joviale akaweka ncha ya kidole pale.

"Alitoboa."

"Alitoboa. Bakarani bakamugombeza. Akaomba musamaha huku anacheka."

Binti akaikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuwa. Kisha akainua uso, na macho yalikuwa makavu.

"Maman, bado nataka kwenda."

Ah! Kama angelia, ingekuwa nafuu. Kama angegombana, Adélaïde angejua la kufanya, maana amezalisha wenye kupiga mateke. Lakini mtoto amemwelewa, na bado anataka. Umfanye nini mtoto wa namna hiyo?

"Maman, ni saa tano na nusu," Fabien akasema.

"Nasikia, Fabien! Ata mapacha yangu ya leo haikunisukuma kama wewe!"

Akachukua kalamu, ileile ya daftari jeusi. Akatia sahihi yake kwenye autorisation, vizuri. Mstari wa tarehe akauacha mtupu. Akaweka karatasi zote kwenye bahasha moja: ile ya cachet, ile yenye tundu, na ile aliyotia sahihi. Bahasha akampa Joviale, si Fabien.

"Mustari moja niliuacha."

"Niandike tarehe gani?"

"Ni wewe unaenda, si mimi." Akamtia kalamu mkononi.

Anaclet akaruka. "Ni mutoto anaamua? Tangu lini?"

"Tangu bakubwa banashindwa kuhesabu, shemeji."

Pikipiki ya Fabien ikateremka na matope yake, Joviale nyuma, bahasha kifuani chini ya jezi. Adélaïde alibaki mlangoni, amewakasirikia wote, na yeye mwenyewe zaidi. Miaka kumi na tisa hajaacha mstari wa tarehe mtupu, hata kwa mtoto aliyeishi saa moja tu. Leo ameuacha, tena wa mtoto wake mwenyewe. Nyuma yake Anaclet alikuwa anauliza kama hakuna chai.

Kule hotelini Joviale ameketi mbele ya meza, kalamu ya mama yake mkononi, na mtu wa Lubumbashi anatazama saa. Ungekuwa wewe kwenye kiti kile, ungeandika mwaka gani?