Mwewe Aliyejengewa Zizi

Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilishuka mjini Rubwera nikitafuta usafiri wa kwenda kwetu, na kijana wa bodaboda akaniomba nimsubiri akajaze mafuta. Mimi si mtu wa kusubiri. Nikaanza kuzungukazunguka madukani, nikaangalia chaja, nikaangalia ndala, mpaka nikasimama mbele ya kigemu cha mkononi kilichoning'inizwa ndani ya nailoni. Muuzaji, binti mwenye adabu zake, aliniamkia kisha akakiwasha ili nione kwamba ni kizima. Ikatokea orodha ndefu ya magemu ya zamani. Niliishusha kwa kidole gumba: pikipiki za kuruka matuta, bata wa kupigwa kwa bunduki, matofali yanayodondoka ili yapangwe, mtu anayevunja ukuta kwa kichwa, vifaru. Nilipofika kwenye vifaru mguu wangu wa kulia ulianza kutikisika wenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa mtoto. Nikamrudishia binti kigemu chake bila kucheza, nikamshukuru, na njia nzima nyuma ya ile bodaboda sikuona barabara. Nilikuwa sebuleni kwa bibi.

Ngoja nikueleze vizuri, maana kama umekulia kwenye umeme huenda usinielewe. Kijijini kwetu, upande huu wa Kyerwa, umeme ulikuwa haujafika. Gemu ililetwa na baba mdogo, aliyekuwa utingo wa malori yanayovuka mpaka. Lilikuwa boksi la plastiki lisilo na jina, lenye pedi mbili za nyaya fupi na kaseti ya njano iliyolingana na kipande cha sabuni ya kuogea. Juu ya kaseti iliandikwa kwamba ndani yake mna magemu maelfu. Ukweli ni kwamba yalikuwa machache, na yakiisha yanaanza upya, ila safari hii pikipiki ina rangi nyingine, rangi ambayo kwenye TV yetu ndogo ya chogo hatukuweza kuiona, kwa kuwa ilionyesha nyeusi na nyeupe tu. Vyote vilikula betri ya gari, ambayo baba mdogo aliifunga nyuma ya baiskeli kuipeleka Rubwera kuchajiwa.

Betri ikianza kuchoka, picha haikuzimika ghafla. Ilisinyaa. Weusi uliingia kutoka pembeni taratibu, ukala ukingo wa uwanja, ukawasogelea wachezaji, mpaka mnacheza ndani ya dirisha dogo katikati ya kioo. Tulijifunza kupima muda kwa upana wa ule weusi. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyecheza kwa moyo mtulivu, nami sijawahi kukutana na furaha nyingine yenye haraka namna ile.

Bibi hakuwa na ugomvi na gemu. Mawazo yake yalikuwa kwenye kahawa. Kiangazi kahawa ilianikwa uani kwenye mikeka, na hakuna aliyegusa pedi kabla haijageuzwa, ndizi hazijamenywa, na maji hayajafika jikoni. Ndiyo maana pedi zetu zilinata utomvu wa ndizi, na zilinukia moshi na maganda ya kahawa. Kati ya watoto wote mimi ndiye niliyeshindwa kabisa kukaa. Nikingoja zamu yangu nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikachungulia betri kama vile ingeniambia kitu. Bibi alikuwa akisema siafu walinikuta tumboni mwa mama, wakahamia miguuni.

Sasa vifaru. Kama hukuwahi kuicheza, gemu yenyewe ni hivi. Chini kabisa ya uwanja, katikati, kuna ndege amekunjua mabawa, na amezungushiwa ukuta wa matofali. Wewe una kifaru kidogo kando yake. Vifaru vingine vinatokea juu na kushuka. Hakuna aliyetueleza kinachotakiwa, na maelezo yangekuwepo yangekuwa ya Kiingereza. Lakini sisi tulikuwa watoto wa kibanja cha migomba, wa nyumba yenye kuku, na kila mmoja wetu aliwahi kufukuzia vifaranga chini ya migomba huku akipiga kelele na kutazama juu. Ndege mwenye mabawa ya namna ile tulimjua. Alikuwa mwewe. Na kama mwewe amefungiwa ndani ya matofali, basi ni kwa sababu amekamatwa, na kazi iliyobaki inajulikana.

Kwa hiyo tuligeuza kifaru, tukavunja matofali, tukampiga mwewe risasi. Maandishi ya Kiingereza tusiyoyaelewa yalipanda polepole kutoka chini ya kioo, nasi tukapiga makofi. Binamu yangu, ambaye alikuwa mkubwa wetu, alikuwa na sifa ya kummaliza mwewe kabla hata kifaru cha kwanza hakijashuka. Tuliona ni gemu nzuri, ila fupi.

Kiangazi hichohicho familia moja ya wafugaji ilikuwa imeweka makao yao pembeni ya kijiji, karibu na maji. Tuliwajua kanisani. Walikuwa na binti wa umri wangu, mrefu, mwenye sauti kubwa ya kuita ng'ombe, na kila baada ya siku kadhaa alimletea bibi kibuyu cha maziwa akarudi na mkungu wa ndizi. Siku moja aliingia, akamwamkia bibi, kisha akasimama mlangoni na kibuyu chake akitutazama tukimwua mwewe. Tulimwua, tukaanza upya, tukamwua tena.

"Mbona mnaua kilichomo zizini?" aliuliza.

Binamu hakugeuka. Alisema huyo ni mwewe, akamuuliza kama kwao hawana kuku.

"Mwewe gani anajengewa zizi?"

"Amefungwa."

"Na hawa wanaoshuka huko juu wamekuja kumsalimia?"

Tulicheka, lakini binamu hakucheka. Akamwambia kwamba ameiona gemu leo, asianze kufundisha watu. Yule binti akaweka kibuyu chini. "Gemu siijui," alisema. "Zizi nalijua." Akanyoosha mkono kuomba pedi.

Aliishika juu chini, ikabidi nimgeuzie. Nikachukua ya pili, maana nilitaka sana kuona atashindwaje. Hakwenda popote. Alikisimamisha kifaru chake mbele ya ukuta wa mwewe na kukisogeza kulia, kushoto, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa zizi jioni, na kila kilichoshuka alikipiga. Mimi niliparamia juu nikitafuta vita, nikafa, nikatokea tena, nikaparamia. Halafu vifaru vikakoma kushuka. Kioo kikawa kimya. Kikajifunga, na kilipofunguka palikuwa na uwanja ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuuona, wenye maji na miti, na mwewe akiwa palepale chini na ukuta mpya.

Hakuna aliyepiga makofi. Binamu alisogea akakaa sakafuni pamoja nasi.

Kuanzia hapo vifaru ikawa yetu wawili, yule binti mlinzi na mimi mpiganaji. Alikuwa na uonevu wake. Katika gemu ile, ukimpiga mwenzako risasi hafi, anaganda tu kwa muda. Kila nilipokimbilia juu bila mpango alinigeukia akanigandisha, kisha akasema bila kunitazama, "Tulia, dada." Niligombana naye. Nilimwambia nikitulia nitakufa. Alisema nikikimbia nitakufa zaidi, na mara nyingi alisema kweli.

Binamu ndiye aliyeanzisha habari ya mwisho. Alidai lazima gemu iwe na mwisho, na kwamba siku tukimaliza viwanja vyote ndege atatoka aruke. Rafiki yangu alilipokea hilo kama jambo la kawaida kabisa. Kwao ndama hakai zizini maisha yake yote. Analindwa ili siku moja atoke. Alitaka kumwona akitoka. Sijui kama nimewahi kumwona mtu akitaka kitu waziwazi namna ile, bila aibu. Kila betri ilipochajiwa tulisonga kidogo zaidi, na kila mara weusi ulifika kabla yetu. Na gemu ile, nikuambie, ikizimwa inasahau kila kitu. Unaanza uwanja wa kwanza kama mgeni.

Kisha alikuja siku moja na maziwa, akasema baba yake anahama. Mvua zilikuwa karibu, na wafugaji huhama wakati huo, lakini wao hawangerudi kiangazi kijacho, kwa sababu mwenye eneo alitaka kupanda miti. Wangekwenda rweya za mbali, zile mbuga za nyasi ambazo kwetu tulizijua kwa kuzisikia tu. Alisema hayo kwa haraka, halafu akauliza betri inarudi lini.

Ilirudi asubuhi ya siku yao ya kuondoka. Rafiki yangu alifika mapema kuliko baba mdogo, akashika upande mmoja wa mkeka na mimi upande mwingine, tukageuza kahawa ya bibi kwa kasi ambayo bibi alisema anaogopa itachubuka. Hata bibi siku hiyo alibeba kigoda chake, kisu na ndizi zake, akaja kumenyea sebuleni. Alikuwa hajawahi kukaa kututazama. Alitazama kwa muda, akauliza tunafanya nini, nikamweleza.

"Mnamlinda mwewe?" alisema. "Ndani ya nyumba yangu?"

"Huyu hajala kifaranga cha mtu, bibi," rafiki yangu alijibu.

Bibi aliguna, akaendelea kumenya, lakini hakuondoka. Na kila kifaru kilipoukaribia ukuta nilisikia kisu chake kikisimama.

Siku ile tulikwenda mbali. Sitakudanganya kwa kukutajia uwanja wa ngapi. Nakumbuka tu kwamba kila kilichofunguka kilikuwa kigeni, na kwamba mguu wangu haukutulia hata mara moja. Weusi ulianza pembeni. Ukaja. Tukawa tunavipiga vifaru vya kandokando kwa kubahatisha, kwa sababu hatukuviona tena. Ndipo mluzi wa kaka yake ukalia nje, upande wa njia. Hakuitikia. Ukalia tena, na nyuma yake tukasikia ng'ombe, wengi, wakitembea.

Rafiki yangu alisimama na pedi mkononi, akacheza kidogo akiwa amesimama, kisha akaiweka chini kwa uangalifu. "Wewe sasa ndiye wa zizini," aliniambia. "Usizurure." Bibi alimpa mkungu wake, akamshika kichwa, akamwombea kwa maneno machache ya Kinyambo, naye akatoka mbio.

Kifaru chake kilibaki kimesimama kama alivyokiacha, hakikuchukua muda kikapigwa. Mimi nilirudi chini mbele ya ukuta. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Nilitamani kupanda juu kiasi kwamba vidole viliniuma, lakini nilikaa. Picha ikawa na ukubwa wa kiganja, kisha mstari, kisha nukta nyeupe, kisha kioo kitupu chenye sura zetu ndani yake. Mwewe alikuwa hajaguswa.

Nilitupa pedi nikakimbia. Nilipita kibanja chetu na cha jirani, nikatokea kwenye nyasi, nikaona pembe ndefu zikipanda kilima na yeye nyuma kabisa, mkungu kichwani, fimbo mkononi. Nilimfikia nikiwa sina pumzi.

"Ameuawa?" aliuliza kabla sijasema kitu.

"Hajauawa. TV ndiyo imezima. Yeye yupo."

"Hakutoka?"

"Hakutoka."

Alifikiri huku anatembea, maana ng'ombe hawamsubiri mtu, nami nikitembea kinyumenyume mbele yake ili nimwone uso.

"Basi zizi halijavunjwa," alisema. "Nikija tutaendelea pale."

Mimi nilijua gemu ile haiendelei pale. Yeye pia alijua, tulikuwa tumeanza uwanja wa kwanza pamoja mara nyingi mno. Nilimwambia sawa. Nilimsindikiza mpaka kaka yake aliponiambia nirudi, bibi asije akanitafuta.

Hakuja. Mwaka uliofuata ile sehemu yao ilikuwa na miche ya miti iliyopangwa mistari. Baba mdogo alipata kazi ya udereva akaondoka na gemu yake, TV iliuzwa, na bibi tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya migomba yake. Siku hizi sebule ile ina umeme na watoto wa binamu wana simu, kila mmoja kwenye kona yake. Wanacheza vizuri kuliko tulivyocheza sisi, na gemu zao zinakumbuka walipoishia. Nawapongeza kwa moyo kabisa. Ila sijamwona hata mmoja akisimama kumpisha mwenzake, au akiangalia kioo kwa woga kwamba kinasinyaa.

Nilipokuwa chuoni Mwanza, mwanafunzi mwenzangu aliyependa magemu ya zamani aliniambia jambo, na aliniambia huku anakunja nguo zake, kama kitu kidogo. Alisema ile ya vifaru haina mwisho. Ukimaliza viwanja vyote inakurudisha cha kwanza, na ndege yuko palepale ndani ya matofali, na vifaru vinashuka. Betri haikutunyima kitu siku ile. Hata kama ingewaka mpaka jioni, tungekuwa tumekaa pale tukimlinda.

Nilinyanyuka nikaenda mpaka mlangoni kwa haraka, kama mtu mwenye habari ya kupeleka. Nikasimama hapo mkono kwenye kitasa. Mtu mmoja tu duniani angetaka kuisikia, naye alikuwa kwenye nyasi ambazo sijui ziko upande gani.