Kandili ya Seif

Asubuhi ile Maskati tulikuwa tukigombana juu ya samaki. Lori la mume wangu lilijaa papa mkavu wa kupeleka bara, na mimi nlitaka kupanda na Zuwena, mwanetu mchanga, akaonwe na shangazi yake.

"Utanuka papa," Seif akasema.

"Toka unioe nnanuka papa. Washa gari."

Chini ya kiti alitia kandili. Nyinyi mlozaliwa juzi hamjui: Maskati ya zamani, milango ya mji ikishafungwa usiku, hupiti njiani bila ya taa mkononi. Asiye na taa ni mwizi. Siku nliyoshikwa na uchungu wa Zuwena, Seif alitoka mbio kumwita mkunga, akaisahau taa. Akalala jela. Mimi nkazalishwa na jirani. Toka hapo hakuachana nayo.

Magharibi ilitukuta bondeni, tairi limepasuka. Tulikuwa tumesikia kuna vijana wameshika bunduki, wanataka sultani na Waingereza wake watoke. Lakini nani atapigania papa?

Risasi zilianza mlimani. Nyengine zikajibu barabarani, za askari. Sisi katikati.

Tukalala chini ya lori, Zuwena kifuani pangu.

"Hawatujui sisi nani," Seif akasema. "Nkiwasha taa wataona ni watu wema."

"Tulia, baba Zuwena."

"Mwizi ndo hukaa kizani."

Akawasha. Akatoka, kaishika kandili chini usawa wa goti, kama tulivozoea mjini.

Risasi moja tu.

Asubuhi afisa wa Kiingereza akasimama penye maiti ya Seif, akauliza, "Huyu alibeba taa ya nini? Mwenye akili hujificha." Nkamjibu kwa Kiingereza changu cha skuli Unguja: serikali unayoilinda ilimfunga kwa kutembea bila ya taa. Alinifahamu vizuri. Akageuka, akaamrisha lori lisukumwe kando.

Risasi ile ilikuwa ya mlimani au ya barabarani, mpaka leo sijui. Nimewauliza wa huku na wa huko. Wote husema walipiga penye mwanga.

Kiangazi kile kile sultani akaondoshwa, amri ya taa ikafutwa. Watu walizunguka mjini usiku mikono mitupu, wanacheka. Nlisimama dirishani nimempakata Zuwena, nnawatazama kwa hasira. Hawakunikosea kitu. Walikuwa wanatembea tu.

Kandili nnayo. Hata kioo chake hakikupasuka.