Mapigo Mawili ya Reli

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha Ujamaa, upande wa Chanzuru, na kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa. Aliitungia utaratibu, nami nikajigamba nao kisimani utadhani nimeutunga mimi. Fungu la kwanza la mapigo lilisema nani anaitwa. La pili, kifaa cha kubeba. La tatu, mahali pa kwenda. Kifaa si lazima; kisipohitajika, unaruka. Mahali napo si lazima. Pasipotajwa, ni shamba la pamba. Baadaye tuliongeza pigo moja la kusema "hakuna kifaa", kila fungu likabaki mahali pake. Laiti tungewaza mapema!

Asubuhi moja lori lilileta jeneza kutoka Kilosa mjini. Marehemu alikuwa mume wa mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka milimani, hana ndugu hapa kijijini. Baba akagonga: watu wote, akaruka kifaa, kisha mawili. Mawili kwenye fungu la mahali ni msibani. Lakini mawili kwenye fungu la kifaa ni majembe. Sisi tukasikia: wote, na majembe. Basi hao, shambani, tunalima na kuimba, na anayeongoza wimbo, bila haya, ni mimi.

Baba alitungoja msibani mpaka jua likawa kali, ndipo akatufuata, jasho linamtiririka. "Mna wazimu? Maiti iko kwenye lori, nyie mnaimba!"

Jamani, nikalitupa jembe palepale, nikatimua mbio na wenzangu.

Tulimkuta yule mama ameketi chini peke yake, jeneza halijateremshwa. Baba, badala ya kumpa pole, akaanza kueleza: fungu la kwanza, fungu la pili, kifaa kisipokuwepo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea aibu baba yangu, nikajionea aibu na mimi, na matope yangu miguuni.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Nimeelewa, mwenyekiti. Nilidhani mmetukataa kwa kuwa sisi ni watu wa kuja."

"Hapana, mama! Hapana kabisa."

"Lakini nimeshamwambia dereva aturudishe kwetu."

Tulimsihi abaki, wengine walipiga magoti. Akakaza kanga yake, akaenda nyuma ya lori. Nilimnyooshea mkono nimsaidie kupanda. Akautazama, akashika ubao wa lori, akapanda mwenyewe.