Siku Tuliyoipokea Landrova ya Jeshi

Juzi nikiwa Voi niliingia hotelini, mhudumu akaniletea kimanga: mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, mvuke ukinipanda usoni. Rafiki yangu, tonge la kwanza nililirudisha sahanini. Nilirudi Rukanga, chini ya mlima Kasigau, utotoni, siku ambayo mpaka leo siiamini.

Jirani yetu alikuwa mjane mwenye mwana mmoja tu, mwanajeshi. Akija likizo alitugawia biskuti ngumu za jeshi na kutuahidi: "Siku mtaona landrova ya jeshi inakuja huku, jueni nimepata nishani. Mama apike kimanga, na nyinyi mnipokee na nyimbo." Basi tukichunga mbuzi, macho yetu yalikuwa barabarani.

Kweli ikaja. Ilisimama kwanza kwa chifu, ikakawia huko. Tukasema wanakunywa chai. Sufuria ikatelekwa, mihogo ikamenywa mbiombio. Hata nyanya yangu, aliyezoea kutuonya tusikate mbeleko na mwana hajazaliwa, alikuwa wa kwanza kufunga leso kiunoni.

Ilipopanda kuja kwetu tuliikimbilia pande zote mbili tukiimba, wanawake wakipiga vigelegele. Hakuna askari aliyetupungia mkono.

Afisa alishuka, akavua kofia. Jirani akatoka jikoni na mwiko mkononi, uso umejaa kicheko.

"Karibuni, chakula iko tayari. Na yeye, amekuja na gari gani?"

Afisa alimgeukia chifu, aliyekuja naye garini. Chifu ndiye aliyesema: ameuawa vitani, ng'ambo ya mpaka, alipowarudia wenzake waliojeruhiwa. Tulikuwa tumekiimbia kifo! Mtoto mmoja mdogo aliendelea kuimba mpaka nyanya alipomziba mdomo.

Nishani nayo ilikuja, miezi kadhaa baadaye. Siku hizi boma la jirani ni miiba mitupu, tembo wanapita watakavyo, naye mwenyewe tulishamzika. Watoto wa pale hawajui hata palikuwa na nyumba. Lakini mimi bado nauona uwanja wa shule siku ile ya nishani, afisa akimbandika mama huyo kifuani nishani ya mwanawe. Tulipiga makofi. Wanawake waliinamisha vichwa, wakikumbuka landrova, kigelegele hakuna aliyethubutu kupiga. Jirani alitutazama mmoja mmoja, akasubiri. Alipoona hakuna anayeanza, akapiga kigelegele mwenyewe, peke yake, mpaka sauti ikamkauka.